Alifaulu kipimo cha masikio akiwa wodini, mbona bado nina wasiwasi?

*"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miezi 7. Nilijifungua wiki ya 31, akiwa na kilo 1.4. Tulikaa wodi ya watoto njiti karibu wiki tano. Alisaidiwa kupumua kwa oksijeni, akapata manjano akawekwa kwenye mwanga, na alichomwa gentamicin siku 7 kwa sababu walihofia maambukizi kwenye damu. Siku ya kuruhusiwa walimpima masikio kwa kidude laini, wakasema amefaulu. Tatizo ni kwamba nikimwita akiwa amenipa mgongo, mara nyingi hageuki. Mama mkwe anasema namtafutia mtoto ugonjwa, kwa sababu mlango ukibamizwa anashtuka, na anacheka na kupiga kelele kama watoto wengine. Lakini wifi yangu ni kiziwi tangu utotoni. Je, kipimo kile kinatosha? Au nisubiri afike umri wa kuongea ndipo nijue? Na nikimpeleka, watamlaza kwa dawa?"*

Marahaba, mama. Umeuliza maswali matatu. Nianze na la katikati kwa sababu ndilo lenye haraka: usisubiri umri wa kuongea. Mwanao apimwe tena sasa, na asipimwe kwa kidude kile peke yake. Sisemi hivyo kwa kuamini kwamba hasikii. Watoto wengi wenye historia kama yake wanasikia vizuri tu. Nasema hivyo kwa sababu kuna sehemu za sikio ambazo kipimo cha siku ile hakizifikii, na historia yake inagusa sehemu hizo hizo.

Na hili la kumtafutia mtoto ugonjwa tulimalize mapema. Kule Marekani ipo kamati ya wataalamu wa usikivu wa watoto wachanga, iliyoanza mwaka 1969, ambayo hutoa orodha ya mambo yanayomweka mtoto katika hatari ya kupoteza usikivu. Orodha yao ya 2019 inataja homa ya uti wa mgongo, dawa fulani, kulazwa wodi ya watoto mahututi, na mengine mengi. Humo humo imeandikwa pia wasiwasi wa mzazi au mlezi kuhusu usikivu, usemi au ukuaji wa mtoto. Tena mambo mengi katika orodha hiyo yanampa mtoto muda hadi miezi 9 kufanyiwa vipimo kamili, lakini mzazi akisema ana wasiwasi, mtoto anatakiwa apelekwe mara moja. Kwa hiyo hilo linalokukosesha usingizi lina uzito wake kitabibu.

Sasa tuone kipimo kile kilipima nini. Sauti huingia kwenye tundu la sikio, ikatikisa ngoma, na vijifupa vitatu vilivyo nyuma ya ngoma vikapeleka mtikisiko mpaka kwenye koklea, kiungo kidogo kilichojikunja kama kombe la konokono na kujaa majimaji. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo za aina mbili. Za nje ni takriban 12,000 kwa kila sikio, na kazi yake ni kuukuza mtikisiko. Za ndani ni kama 3,500 tu, nazo ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa umeme na kuukabidhi kwa neva ya kusikia, ambayo huupandisha kwenye shina la ubongo. Kwa binadamu, seli hizi zikishakufa hazioti nyingine.

Kidude laini alichowekewa mwanao hutoa vijisauti na kisha kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani. Sikio lenye afya hutoa sauti yake lenyewe. David Kemp ndiye aliyeligundua jambo hilo, London, mwaka 1978. Mwangwi huo unatoka kwenye seli za nje. Basi alipofaulu, ilimaanisha kwamba siku ile, kuanzia tundu la sikio hadi seli za nje, mambo yalikuwa sawa au karibu na sawa. Seli za ndani, neva na shina la ubongo havikuulizwa chochote. Mtoto anaweza kutoa mwangwi safi kabisa huku ujumbe unaofika kwenye ubongo umevurugika, na hali hiyo huonekana zaidi kwa watoto waliopitia wodi ya mahututi kuliko kwa wengine. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa humo zaidi ya siku 5 anashauriwa apimwe kwa vibandiko, kimoja kwenye paji la uso na vingine karibu na masikio, vinavyosoma umeme wa neva na shina la ubongo sauti inapochezwa. Angalia kadi yake ya kuruhusiwa. Ukikuta OAE, hicho ni kipimo cha mwangwi. Ukikuta ABR au AABR, basi alipimwa kwa vibandiko na wasiwasi wangu unapungua, ingawa hauishi. Kwa maelezo yako, naona ni cha mwangwi.

Hauishi kwa sababu usikivu unaweza kupotea baadaye. Majibu yoyote ya siku ya kuruhusiwa ni majibu ya siku ile. Nimeona wazazi wakiyashika kama cheti cha maisha, na siwalaumu, kwa sababu neno "amefaulu" linasikika hivyo hivyo.

Tuje kwenye historia yake, kimoja kimoja, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Gentamicin ndiyo ninayoiangalia kwa karibu zaidi. Dawa hii na ndugu zake, amikacin na streptomycin, zinaweza kudhuru sikio, na siku 7 zimevuka mpaka wa siku 5 unaotumika kuamua nani afuatiliwe. Ina tabia mbili unazopaswa kuzijua. Kwanza, huanza kuua seli za nje zilizo mwanzoni mwa koklea, mahali panapopokea sauti nyembamba, ndipo isogee taratibu kuelekea sauti nzito. Pili, haiondoki haraka ndani ya sikio, kwa hiyo madhara yanaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho, mtoto akiwa alishapimwa na kurudishwa nyumbani. Ikiwa pia alipewa furosemide, dawa ya kupunguza maji mwilini, hatari inaongezeka, kwa hiyo mtajie daktari. Muulize na mama yako mzazi kama upande wenu kuna mtu aliyepoteza usikivu baada ya sindano za namna hii. Ipo hitilafu ya kurithi, inayopita kwa mama tu, inayofanya hata dozi ya kawaida iharibu masikio. Ni adimu, lakini swali la dakika moja halina gharama. Na tafadhali usijutie sindano zile. Maambukizi kwenye damu ya mtoto njiti huua, na walifanya walichopaswa kufanya. Watoto wengi wanaoipata kwa dozi iliyopimwa vizuri hubaki na masikio mazima.

Manjano yananitia wasiwasi kidogo zaidi ya ninavyotaka, kwa sababu ya kile kipimo cha mwangwi. Bilirubini, kemikali ya njano inayoleta manjano, ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo, na miongoni mwa sehemu inazozipenda ni neva ya kusikia na vituo vyake kwenye shina la ubongo. Seli za nje inaziacha salama. Yaani hapo hapo ambapo manjano hudhuru ndipo kipimo cha mwangwi hakioni. Hata hivyo, kinachoingia kwenye orodha ya hatari ni manjano makali yaliyomfanya mtoto abadilishiwe damu. Wewe umesema aliwekwa kwenye mwanga tu, na hilo ni jambo jema. Bado uliza kiwango chake cha juu kilikuwa ngapi, kwa kuwa mwili wa mtoto njiti huanza kuathirika kwenye kiwango cha chini kuliko wa mtoto aliyetimiza miezi.

Wiki tano wodini na oksijeni nimeshazigusa. Uzito wa chini ya kilo 1.5 nao ulikuwa kwenye orodha za zamani, lakini kwa mtoto kama wako ni hadithi ile ile ya kulazwa muda mrefu, kwa hiyo sitaihesabu mara mbili.

Wifi yako. Hapa naomba ufanye upelelezi kidogo kabla ya kuhofia damu. Alizaliwa kiziwi, au aliugua? Ikiwa alikuwa anasikia na hata kusema maneno machache, kisha akapata homa ya uti wa mgongo na kuamka hasikii, basi hilo halirithiwi na halimhusu mwanao. Ikiwa alizaliwa hivyo, au alipoteza usikivu polepole bila sababu iliyojulikana, linamhusu. Watu husema, "Mbona mume wangu anasikia vizuri? Ingekuwa ya ukoo angeipata yeye." Urithi mwingi wa uziwi haufanyi kazi hivyo. Mtu anaweza kubeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu, akasikia vizuri maisha yake yote, na mtoto akawa kiziwi kwa kuwa amepata nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye uziwi wana wazazi wanaosikia.

Kuna jambo hukulitaja na huenda hukuulizwa: maambukizi wakati wa ujauzito. Rubela, kaswende, toksoplasma na hasa kirusi cha CMV vinaweza kumfikia mtoto tumboni na kudhuru masikio. CMV ndiyo sababu kubwa ya uziwi wa utotoni isiyo ya kurithi, na watoto wengi wanaozaliwa nayo hawana dalili yoyote. Wengine hufaulu kipimo cha kuzaliwa kisha usikivu hushuka miezi au miaka baadaye. Kuithibitisha kunahitaji mate au mkojo ndani ya siku 21 za kwanza. Baada ya hapo ni vigumu kujua kama mtoto aliipata tumboni au nje, isipokuwa kama hospitali ilihifadhi tone la damu yake la siku za mwanzo. Kwa mwanao muda umepita. Nimelitaja kwa ajili ya wengine wanaosoma wakiwa na kichanga cha wiki moja aliyeshindwa kipimo: ulizeni kuhusu CMV leo, msingoje miadi ya mwezi ujao.

Sasa turudi kwa mama mkwe na mlango wake. Ana haki ya kufurahi mjukuu anaposhtuka, kwa sababu inaashiria kwamba huenda si kiziwi wa kutosikia chochote. Lakini mlango ukibamizwa hutoa sauti kubwa na nzito, hutikisa sakafu, husukuma hewa. Mtoto aliyepoteza sauti nyembamba atashtuka vizuri tu. Atasikia mlango, ngoma, sauti ya babu, na hatasikia *s*, *sh* na *f*, herufi zinazobeba sehemu kubwa ya maana katika maneno. Huyo ndiye mtoto anayeitwa mkaidi akifika miaka minne. Na mtoto asiyesikia sikio moja naye atashtuka, kwa kuwa lile jingine linatosha kwa mlango. Kupiga makofi nyuma ya kichwa, kugonga sufuria, kutikisa funguo, vyote vina kasoro hiyo, na mtoto mwerevu huona kivuli chako au macho ya aliyekaa mbele yake.

Kucheka na kupiga kelele pia hakuthibitishi. Watoto viziwi nao hulia, hucheka na kutoa sauti laini za koo katika miezi ya mwanzo, kwani sauti hizo hazihitaji kusikia. Tofauti hujitokeza baadaye. Mtoto anayesikia huanza kurudiarudia silabi, *bababa, mamama, dadada*, kwa kawaida kabla ya miezi 10. Asiyesikia hachangamki kuelekea huko, na wakati mwingine ananyamaza zaidi badala ya kuongeza.

Na sasa nikutulize upande mwingine. Mwanao alizaliwa wiki 9 kabla ya wakati, kwa hiyo tukihesabu kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa, ana miezi 5. Kugeuza kichwa kutafuta sauti hukomaa kati ya miezi 4 na 6, tena huanza na sauti ya pembeni. Mtoto wa miezi 5 asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma, akiwa ameshughulika na kidole chake cha mguu, yuko ndani ya kawaida. Kwa ukuaji tumia umri huo wa miezi 5. Kwa kipimo cha masikio usiutumie kama sababu ya kuahirisha.

Una njia tatu mbele yako. Ya kwanza ni kusubiri, na nimeshasema siipendi. Ubongo wa mtoto hujenga lugha kwa kile unachopokea katika miaka ya kwanza, na muda uliopita haufidiwi kirahisi. Lengo linalotajwa kimataifa ni mtoto apimwe akiwa na mwezi 1, uziwi uthibitishwe akifika miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado walionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Ya pili ni kurudia kipimo cha mwangwi peke yake. Ni rahisi, kinapatikana sehemu nyingi, na kwa suala la gentamicin kitasaidia, kwa sababu seli za nje ndizo zinazoumia. Kwa suala la manjano kitakuacha pale pale. Ya tatu, ambayo ningeichagua, ni tathmini kamili kwa mtaalamu wa usikivu: mwangwi, vibandiko vinavyotafuta sauti ndogo kabisa anayoisikia kwenye sauti nyembamba na nzito kwa kila sikio, na kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio kuona kama kuna majimaji nyuma yake.

Kuhusu dawa ya usingizi. Vibandiko havimuumizi wala havipitishi umeme mwilini mwake, vinasoma tu. Ila lazima atulie, na usingizi ndio utulivu bora. Katika miezi ya mwanzo wengi hupimwa wakiwa wamelala wenyewe. Kadiri wanavyokua inakuwa vigumu, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda sasa. Siku hiyo mwamshe mapema, mnyime usingizi njiani (hapa ndipo safari inapokuwa kazi), na uchelewe kumnyonyesha ili anyonye na kulala mkifika chumbani. Wakilazimika kumpa dawa, waambie alizaliwa njiti na alisaidiwa kupumua, na wasimpe mahali pasipo na mtu wa kumwangalia pumzi. Wakikupangia dawa, fuata maelekezo yao kuhusu saa za kunyonyesha badala ya haya yangu. Akikaribia miezi 7 kwa hesabu ya tarehe aliyopaswa kuzaliwa, na akiwa anakaa na kushika shingo vizuri, kuna kipimo kingine cha akiwa macho: sauti inatoka upande mmoja, akigeuka anaonyeshwa kitu cha kuchezea kinachowaka. Ni kizuri sana, na kinathibitisha kile vibandiko vilichosema.

Majibu yakiwa mazuri, msiondoke bila tarehe nyingine, kwa sababu ya gentamicin na, ikithibitika, ya shangazi yake. Yakionyesha majimaji nyuma ya ngoma, hilo ni la kawaida kwa watoto wadogo na mara nyingi huisha lenyewe. Daktari atarudia baada ya miezi mitatu hivi. Usimtie mafuta wala pamba za vijiti. Yakionyesha upotevu wa kudumu, vifaa vya kusaidia kusikia vinaweza kuvaliwa hata na mtoto wa wiki chache, na haviharibu sikio wala havilifanyi zembe. Kwa upotevu mkubwa sana, kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ili kuamsha neva ya kusikia, huzungumzwa kuanzia karibu na umri wa mwaka mmoja. Lugha ya alama ianze mara moja, vyovyote mtakavyochagua baadaye. Haimzuii mtoto kusema. Kinachomdhuru ni kukaa bila lugha yoyote huku watu wazima wakibishana ipi bora. Na hapo wifi yako ni hazina, kama anaitumia.

Yapo mambo yasiyosubiri foleni. Akipata homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio ndani ya wiki chache baada ya kutoka hospitali, kwani koklea inaweza kuanza kujaa mfupa na kuziba njia ya kipandikizi. Akianguka na kuumia kichwa vibaya, akitokwa usaha sikioni, au akiwa ameanza silabi kisha akaziacha, nenda wiki hiyo hiyo.

Nawaambia pia wazazi wasio na lolote kati ya haya: takriban nusu ya watoto wanaozaliwa na upotevu wa kudumu hawana sababu ya hatari inayojulikana. Orodha inasaidia kujua nani afuatiliwe zaidi. Haimwondoi mtoto yeyote kwenye kipimo cha kwanza.

Ukienda kuomba miadi, beba muhtasari wa kuruhusiwa wodini, wenye majina ya dawa, idadi ya siku na kiwango cha bilirubini. Wakikupa tarehe ya mbali, usiseme tu "nataka kumpima masikio." Sema alizaliwa wiki ya 31, alikaa wodi ya mahututi wiki tano, alipata gentamicin siku 7, alipimwa kwa mwangwi pekee, na mimi mama yake nina wasiwasi. Mpangaji wa miadi hupanga kwa kile alichoandikiwa, na haya ndiyo ya kumwandikisha.